Bahari Upande wa Kulia

Msikilizaji, Jamaica ni kisiwa, na mtu akisikia kisiwa hudhani kwamba barabara yoyote ipitayo pwani itamwonyesha bahari. Sivyo. Shika barabara kuu ya kaskazini, ile itokayo Montego Bay kwenda Ocho Rios, pana, lami safi, na kuna vipande utakavyoendesha bahari ikiwa karibu nawe kabisa na usiione. Utaona kuta. Utaona mageti yenye walinzi, bustani zilizopunguzwa majani vizuri, jina la hoteli, halafu ukuta mwingine. Bahari iko nyuma ya ukuta, nayo imeshalipiwa na mtu wa London au Toronto kabla hajapanda ndege, pamoja na chakula, kinywaji na kiti cha kujilaza.

Leo tuiache barabara hiyo. Tushike ya mashariki, inayotoka Kingston, ikapita Morant Bay, ikazunguka ncha ya kisiwa na kutokea Port Antonio. Ni kilomita 100 na ushei, na watalii wengi wanaoshukia Montego Bay hurudi makwao bila kuikanyaga. Mimi nashikilia kwamba hii ndiyo barabara nzuri kuliko zote za pwani kisiwani humo. Na nashikilia pia jambo la pili, ambalo si la kufurahisha sana: imebaki nzuri kwa sababu ilisahauliwa.

Kwanza gari. Jamaica wanapita kushoto kama sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda. Mkoloni alikuwa mmoja. Usukani uko kulia, na magari mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika. Msikilizaji wa Kenya atacheka akigundua kwamba teksi zinazookota abiria njiani, nyingi ni Toyota Probox, gari lile lile ambalo kwao hubeba miraa kwa mwendo wa kutisha. Utaitambua kwa kibao chekundu cha namba. Ukiiona kwenye kioo inakuja, ipishe. Dereva wake anahesabu tripu, wewe unahesabu mandhari.

Kwa kuwa tunakizunguka kisiwa kinyume cha mshale wa saa, bahari itakuwa kulia kwetu mwanzo hadi mwisho, na gari litaambaa na upande wa mlima. Mwenye kuogopa makorongo ashukuru. Ila kila utakapotaka kusimama utazame maji, itabidi uukate upande wa wanaokuja. Wenye roho ngumu huanzia Port Antonio wakashuka Kingston, ili gari lipite ukingoni kabisa.

Kutoka Kingston si kuzuri, na sitakudanganya. Unapita Rockfort, kwenye kiwanda cha saruji, mlima umechimbwa ubavu. Ukifika mzunguko wa Harbour View, ukikata kulia unaingia Palisadoes, ule ulimi mrefu wa mchanga unaoikinga bandari ya Kingston. Huko ndiko uliko uwanja wa ndege, na mwisho wake ndiyo Port Royal, mji uliokuwa tajiri kuliko miji yote ya Waingereza katika Karibiani hadi tarehe 7 Juni 1692, ardhi ilipotetemeka na sehemu kubwa ya mji ikazama na watu wake. Waliosalia wakavuka ng'ambo, na hivyo ndivyo Kingston ilivyoanza. Lakini sisi hatukati kulia. Tunanyoosha.

Sasa angalia nje. Ulitegemea nini? Michikichi, kijani, maua? Kuanzia Bull Bay hadi Yallahs nchi ni kavu. Miti ni mifupi yenye miiba, kuna dungusi, kuna majani ya kahawia, na vijito vingi tunavyovivuka ni mawe matupu. Mgeni hudhani amekosea kisiwa. Maelezo yako kushoto, juu: Milima ya Blue Mountains, ambayo kilele chake kinafika mita 2,256. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea pepo za kupokezana, kaskazi ikitoka kusi inaingia. Jamaica hawana zamu hizo. Upepo wao mkuu hutoka kaskazini-mashariki karibu mwaka mzima, umebeba unyevu wa bahari nzima ya Atlantiki, ukigonga milima hiyo hupanda, hupoa, na kuumwaga mzigo wote upande ule wa pili. Upande huu wa kusini unapata upepo uliokwisha kukamuliwa. Kuna miteremko kule Portland, tunakokwenda, inayopata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka. Hapa Yallahs kuna mabwawa ya chumvi.

Mabwawa yenyewe ni mawili, makubwa, yako kulia, yametenganishwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga na kokoto. Jua linachota maji, chumvi inabaki, na rangi ya maji hubadilika kulingana na vijidudu vinavyostahimili ukali huo. Kuna siku ni ya kahawia, kuna siku inakaribia wekundu. Hakuna hoteli hapo. Kuna ndege wa majini na upepo.

Kabla ya mabwawa utauvuka Mto Yallahs, na ninakuomba upunguze mwendo utazame chini ya daraja. Kitanda cha mto ni kipana ajabu, mawe meupe matupu, na maji yakiwepo ni kamba nyembamba katikati. Usiudharau. Mvua ikinyesha milimani mto huu huja umejaa ukingo kwa ukingo. Ukipandisha bonde lake unafika kwenye jabali lililomeguka katika tetemeko lile lile la 1692, na wenyeji husimulia kwamba lilimfukia mwenye shamba mmoja wa Kiholanzi aliyekuwa katili kwa watumwa wake. Wameliita Jabali la Hukumu.

Bull Bay tumeipita haraka, nirudi kidogo. Pale vilimani ndiko iliko kambi ya Bobo Ashanti, Marasta wavaao vilemba, waliokusanywa na Prince Emmanuel Charles Edwards tangu miaka ya 1950. Ukiona mwanamume wa kilemba anatembea kando ya barabara na mafagio ya kuuza begani, umefika jirani nao. Wengi hufikiri Urasta ulizaliwa Kingston, kwenye muziki. Lakini huku mashariki nako ulihubiriwa tangu mapema. Mwaka 1933 Leonard Howell alikuwa akizunguka vijiji vya St Thomas akiwaambia watu kwamba mfalme wao hayuko London, yuko Addis Ababa, na akiuza picha za Haile Selassie kwa shilingi moja. Mwezi Machi 1934 alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka miwili. Mahakama iliyomfunga ndiyo hiyo tunayoikaribia sasa, ya Morant Bay, na haikuwa mara ya kwanza kwa mahali pale kuandikwa katika historia.

Morant Bay lazima tuegeshe.

Ni mji wa soko, una kelele, una jua kali. Ukipanda kidogo unafika uwanja uliokuwa mbele ya mahakama. Utumwa ulifutwa kabisa Jamaica mwaka 1838, lakini miaka 27 baadaye waliokuwa watumwa walikuwa bado wanatafuta ardhi ya kulima wakati mashamba makubwa yamelala pori. Kupiga kura kulihitaji mali. Kesi ndogo za kuingia shamba la mtu zilisikilizwa na mahakimu ambao wenyewe walikuwa wenye mashamba. Ukame ukaongezeka juu yake, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimepandisha bei za vyakula na nguo. Katika kijiji cha Stony Gut, kilomita chache kutoka hapa, alikuwepo shemasi wa Kibaptisti aitwaye Paul Bogle. Mwezi Agosti 1865 yeye na wenzake walitembea kwa miguu hadi Spanish Town, makao makuu ya wakati ule, mwendo wa kilomita kama 70, ili wazungumze na gavana. Gavana Edward John Eyre hakuwapokea. Wakarudi kwa miguu ile ile.

Nasimama hapo kwa sababu sisi tumeketi ndani ya gari lenye kiyoyozi. Kilomita 70 kwenda, 70 kurudi, kwa ajili ya kuzungumza. Mtu anayefanya hivyo bado ana imani na serikali.

Tarehe 11 Oktoba Bogle alirudi Morant Bay, safari hii na mamia ya watu, wengine wana mapanga na fimbo. Wanamgambo waliokuwa mbele ya mahakama wakafyatua risasi, wakaua watu saba. Umati ukalipiza: mahakama ikachomwa, na watu 18 wa upande wa serikali wakauawa, akiwemo mkuu wa parokia, ndivyo waitavyo mikoa yao. Kilichofuata hakikuwa na uwiano wowote na hayo. Eyre alitangaza sheria ya kijeshi, na kwa wiki kadhaa askari walipita barabara hii hii ya pwani wakiua, wakichapa, wakichoma. Waliouawa walikuwa 439. Waliochapwa mijeledi walizidi 600, na nyumba zilizochomwa zilizidi 1,000. Bogle alinyongwa tarehe 24 Oktoba. Siku moja kabla yake alinyongwa George William Gordon, mbunge na mfanyabiashara, ambaye wakati wa ghasia alikuwa Kingston. Kwa kuwa Kingston haikuwa chini ya sheria ya kijeshi, walimtia melini wakamleta Morant Bay, mahali ambapo iliwezekana kumhukumu upesi bila mawakili wa kuwasumbua.

Uingereza iligawanyika. Mwanafalsafa John Stuart Mill aliongoza waliotaka Eyre ashtakiwe kwa mauaji. Mwandishi Thomas Carlyle aliongoza waliomtetea, na Charles Dickens alikuwa upande huo wa utetezi, jambo ambalo wapenzi wa vitabu vyake hawapendi kukumbushwa. Eyre hakutiwa hatiani. Jamaica ilipoteza bunge lake, ikatawaliwa moja kwa moja kutoka London. Ilipofika 1965, miaka 100 baada ya tukio, sanamu ya Bogle iliyochongwa na Edna Manley iliwekwa mbele ya mahakama. Mwaka 1969 Bogle na Gordon walitangazwa mashujaa wa taifa. Ila kumbuka, kisheria walikuwa bado wahalifu. Bunge liliwafutia hatia mwaka 2018. Jengo la mahakama lenyewe, lililojengwa upya baada ya lile la kwanza kuchomwa, nalo liliungua mwaka 2007.

Wazee wa St Thomas watakuambia kwamba parokia yao inaadhibiwa tangu siku ile. Barabara mbovu: 1865. Maji hayatoki: 1865. Mwanahistoria atabisha, atataja kuporomoka kwa sukari na mambo ya siasa za karne ya 20, na atakuwa na haki ya kubisha. Mimi sina ugomvi na wazee. Hoteli zilikwenda kaskazini na magharibi, fedha ikazifuata, na kwa miongo mingi barabara ya mashariki ilibaki na mashimo ambayo madereva waliyajua kwa majina. Ni katika miaka ya karibuni tu serikali ilipoamua kuijenga upya, mkandarasi akiwa China Harbour Engineering Company, njia nne kutoka Harbour View hadi upande wa Yallahs, na njia mbili zilizotengenezwa upya kuendelea hadi Port Antonio. Nitarudi kwenye barabara hiyo mpya.

Kutoka Morant Bay hewa inabadilika. Ukifika Port Morant unaanza kunusa majani mabichi, na minazi imeanza kujipanga. Nayo ina historia yake ya misiba. Kuanzia miaka ya 1960 ugonjwa wa majani kugeuka manjano uliangamiza mamilioni ya minazi mirefu ya Jamaica, ukibakisha nguzo zisizo na kilemba, na wakulima wakapanda mbegu fupi za Malaya na machotara yake. Wakulima wa mwambao wa Tanzania bara hawahitaji kuelezwa nguzo hizo zinafananaje.

Hapa unaweza kuchepuka kwenda bara kidogo, hadi Bath. Kuna chemchemi ya maji moto, na kuna bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1779, leo imechakaa, lakini simama uone mshelisheli. Msikilizaji wa Unguja na Pemba, mti wako huu una kesi nzito. Wenye mashamba ya miwa walitaka chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Serikali ya Uingereza ikamtuma nahodha William Bligh mpaka Tahiti akachukue miche. Safari ya kwanza mabaharia wa meli ya Bounty walimwasi, Aprili 1789, wakamtosa kwenye mashua na miche wakaitupa baharini. Alirudia kwa meli ya Providence, na Februari 1793 akafika Jamaica na shehena yake. Sehemu ya miche ilipandwa hapa Bath. Na baada ya gharama zote hizo, watumwa hawakulitaka tunda. Walikuwa na viazi vikuu vyao na ndizi zao. Ilichukua muda mrefu kupendwa. Siku hizi Mjamaika hulichoma shelisheli zima juu ya mkaa mpaka ganda liwe jeusi, akalimenya likiwa moto, na usimwambie kwamba si chakula cha asili ya kwao.

St Thomas ndiyo parokia ya Kumina pia, ngoma na ibada ya watu waliotoka nchi za Kongo baada ya utumwa kufutwa, wakaletwa katikati ya karne ya 19 kama vibarua wa mkataba. Ngoma hulazwa chini, mpigaji akaikalia kama anayepanda punda, na kisigino chake kikawa kinabana ngozi kupandisha na kushusha sauti. Mungu wao mkuu ni Nzambi. Msikilizaji wa Kongo, naona umetega sikio.

Baada ya Golden Grove, mashamba ya miwa yanapanuka na bahari inajificha. Ncha ya mashariki kabisa ya kisiwa iko mbali na lami, kwenye njia ya vumbi, na huko unasimama mnara wa taa wa Morant Point. Ulitengenezwa Uingereza kwa chuma cha kusubu, ukaletwa kwa meli na kusimamishwa mwaka 1841 na vibarua wa Kikru kutoka Afrika Magharibi, watu huru, miaka mitatu tu baada ya utumwa kwisha. Gari dogo usilipeleke huko mvua ikiwa imenyesha.

Kisha unageuka kona, umeingia Portland, na ule upepo niliousema unakupiga usoni ukiwa bado umebeba mzigo wake. Hapa ndipo safari inapokulipa. Hectors River, Manchioneal, Long Bay: barabara inapanda juu ya mwamba, inashuka hadi mawimbi yanakaribia kurusha chumvi kwenye kioo, inajipinda, inaingia kijijini. Kushoto migomba na mishelisheli inamwagikia barabarani. Milima ya John Crow imevaa wingu. Kulia bahari ina rangi ambazo sitajaribu kuzitaja redioni. Na hakuna ukuta. Kati yako na maji kuna nyumba za watu, kaburi la familia lililopakwa chokaa, mbuzi, kanisa, mtumbwi uliopinduliwa ukipakwa rangi, mama anauza madafu yaliyotiwa barafu. Watoto wa shule katika sare zao wanatembea ukingoni na bahari nzima iko nyuma yao, wala hawaitazami.

Huo ndio uzuri ninaousema. Pwani ya kaskazini ina mchanga mweupe kuliko huu, na maji yaliyotulia zaidi. Long Bay mkondo unaweza kumchukua mwogeleaji hodari. Lakini bahari isiyokuwa na watu wake kando ni picha ya kalenda. Hapa bado ni mtaa.

Boston Bay utaifahamu kwa moshi. Nyama ya jerk ilianza na Wamaroon, watumwa waliotoroka wakaishi katika milima hii iliyo kushoto kwetu, wakiwemo watu wa Nanny, mwanamke pekee katika orodha ya mashujaa wa taifa. Waingereza walishindwa kuwatoa, wakaishia kuandikiana nao mikataba ya amani mwaka 1739, na milima yenyewe iliwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015. Huko mafichoni waliwinda nguruwe mwitu, wakaipaka nyama chumvi na pilipili, wakaiokea mashimoni ili moshi usiwasaliti. Leo moshi hauna wa kumficha. Nyama inalazwa juu ya magogo mabichi ya mti wa pimento, ambao matunda yake makavu yana harufu ya karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja, na pilipili wanayoitumia ni ndugu wa pilipili mbuzi, kwa hiyo hutashangaa. Asiyekula nguruwe ataletewa kuku. Agiza na shelisheli la kuchoma, au kile kitumbua kirefu kitamu cha unga wa mahindi wanachokaanga. Kaa chini. Usile garini.

Kutoka Boston Bay hadi Port Antonio vivutio vinafuatana na nitavipita upesi, maana vimeandikwa kila mahali. Blue Lagoon, wangwa wenye kina cha zaidi ya mita 50, ambamo chemchemi za maji baridi zinachanganyika na maji ya bahari, ukiogelea unahisi tabaka mbili. Frenchman's Cove, kijito kinaingia ufukweni. Magofu ya Folly, kasri la zege la mwaka 1905 la tajiri wa Kimarekani Alfred Mitchell. Husimuliwa kwamba lilianguka siku ya harusi na bibi arusi akakimbia. Uongo mtupu, Mitchell na mkewe walikaa humo miaka kadhaa. Kilicholiangusha baadaye ni chumvi: maji ya bahari yalitumika kukorogea zege, chuma kikashika kutu ndani kwa ndani.

Na Port Antonio yenyewe, mji wa bandari mbili, ambao kwa muda mfupi ulikuwa kitovu cha ndizi za dunia. Nahodha Lorenzo Dow Baker wa Massachusetts alinunua ndizi Jamaica mwaka 1870, akaziuza Jersey City siku 11 baadaye, akaona faida. Kampuni yake, Boston Fruit, iliyoundwa 1885, ilikuja kuwa sehemu ya United Fruit mwaka 1899, na yaliyotendwa na United Fruit katika Amerika ya Kati yanahitaji kipindi chake. Meli za ndizi zilizokuja tupu zilianza kuleta watalii, hivyo utalii wa Jamaica ulianzia hapa, si Montego Bay. Ugonjwa wa migomba na vimbunga vikaumaliza utajiri ule. Mwigizaji Errol Flynn alitia nanga hapa mwaka 1946, akaupenda mji, akawafanya wageni watamani kushuka Mto Rio Grande kwa chelezo za mianzi zilizokuwa zikibeba ndizi. Vimbunga havijaacha kuja: Gilbert mwaka 1988 kilipasua kisiwa kuanzia mashariki hii hii, Sandy mwaka 2012 kikaiumiza tena Portland na St Thomas, na Melissa, Oktoba 2025, kikaingilia magharibi na kuliangamiza eneo la Black River.

Nilisema nitairudia barabara mpya. Siilaumu. Mgonjwa wa Manchioneal anayekimbizwa hospitali hana haja na mashimo yangu ya kihistoria, na mkulima wa Bath anataka ndizi zifike Kingston bila kupondeka. Ila lami ikifika, wapimaji wa viwanja hawako mbali, na sheria ya Jamaica ina tundu ambalo wengi hawalijui. Sheria ya fukwe ya mwaka 1956 ilisema kwamba ukanda unaofunikwa na maji ni mali ya dola, na haikumpa mwananchi wa kawaida haki ya jumla ya kufika hapo au kuoga. Mwenye hoteli hupewa leseni. Jirani yake hana kitu, isipokuwa athibitishe kwamba umma umeutumia ufuo huo kwa miaka 20 bila kukatizwa, kwa mujibu wa sheria nyingine ya mwaka 1882. Tanzania angalau ina ile kanuni ya mita 60 kutoka ukingo wa maji katika Sheria ya Mazingira ya 2004, ingawa mkazi wa Dar es Salaam ataniuliza inatekelezwa wapi. Jamaica wananchi wamekwenda mahakamani kuhusu fukwe kadhaa. Mbili ziko kwenye njia yetu hii: ufuo wa Bob Marley kule Bull Bay, tulikoanzia, na Blue Lagoon.

Na kuna ufuo mmoja nilioupita makusudi, kati ya Boston Bay na Blue Lagoon. Unaitwa Winnifred, uko chini ya kijiji cha Fairy Hill, na njia ya kuushukia ni mbaya, mawe na mizizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ardhi yake iliwekwa wakfu kwa mapumziko ya wamisionari, walimu na maskini. Karibu miaka 100 baadaye ilipoonekana kwamba itageuzwa mahali pa kulipia, wanakijiji wanaouza samaki pale walijiunga, wakafungua kesi, wakaleta wazee wa kutoa ushahidi kwamba walioga hapo tangu utotoni, na mwaka 2014 mahakama ya Port Antonio ikawapa haki. Kuingia ni bure mpaka leo. Juu ya mteremko utakuta watu wamekaa, watakuomba mchango wa usafi. Si tiketi, unaweza kukataa na watakupisha. Toa, halafu ushuke polepole, gia namba moja, na ukifika chini mwambie anayekaanga samaki akutilie vitunguu vya siki kwa wingi.